Chenga na Makali: Historia ya Picha Chini ya Milima ya Uluguru

Katika karne mbili zilizopita, ni vyombo vichache vilivyopewa na watu amana ya ushahidi kama picha. Neno la mtu hutiliwa shaka, na maandishi yake huhojiwa. Lakini picha ikitolewa hadharani, wabishi wengi hunyamaza. Kwa sababu hiyo kila ila ya picha huonekana kuwa ila ya shahidi mwenyewe. Ila mbili hutajwa kuliko zote. Ya kwanza ni chenga, yaani vijipunje vinavyotapakaa juu ya sura kama mchele uliovunjika katika ungo. Ya pili ni upungufu wa makali, yaani kufifia kwa mistari ambayo ilipasa kuonekana dhahiri. Tangu kamera za dijitali zilipoenea, ila hizi mbili zimekuwa kipimo cha kwanza cha ubora wa picha, na kwa watu wengine zimekuwa kipimo cha pekee. Mnunuzi huuliza kamera ina chenga kiasi gani gizani kabla ya kujiuliza ataitumia kwa kazi gani. Mpiga picha huikuza picha ya arusi mpaka jicho la bibi arusi likajaza kioo kizima; huhesabu kope, huona chenga kivulini, akaifuta.

Je, ila hizi zina uzito unaosemwa? Swali hili si la leo. Lilikuwako wakati wa vioo vya dawa, likaingia katika filamu, na sasa limehamia katika kamera zisizo na filamu. Swali lililoishi muda mrefu namna hiyo halijibiwi vema na mwenye duka, ambaye ana bidhaa ya kuuza. Hujibiwa vema zaidi na historia, ambayo haina bidhaa. Na mahali panapofaa kulipimia ni Morogoro. Mji huo umekaa kiasi cha meta 500 juu ya usawa wa bahari, lakini kilele cha Lupanga, kinachouinamia mji kama mzee juu ya mjukuu, hupita meta 2,100. Mtu akitoka asubuhi katika jua kali la tambarare ya mkonge, huingia msituni ambamo mchana hufanana na magharibi, kisha hufika katika ukungu ambamo mti wa hatua 20 mbele huwa kivuli tu. Kamera ile ile, mikononi mwa mtu yule yule, katika siku moja, huleta picha tatu zisizofanana kwa chenga wala kwa makali. Mlima haubembelezi chombo cha mtu yeyote.

Kamera ya kwanza inayojulikana kuikaribia milima hiyo ilishindwa kabla ya kupewa nafasi ya kuhukumiwa kwa ila zake. Mwaka 1860 John Hanning Speke na James Augustus Grant walitoka Zanzibar kwenda kutafuta chanzo cha mto Nile. Grant alikuwa na kamera, na huko Zanzibar alipiga picha ambazo ni miongoni mwa picha za kale kabisa za kisiwa hicho. Njia ya msafara ilipita katika nchi ya Wakutu, kusini ya Uluguru. Kazi ya picha wakati ule ilikuwa kazi ya mateso. Kioo kilipakwa dawa, kikatiwa katika kamera kingali kibichi, na kikasafishwa kabla dawa haijakauka. Na yote hayo yalifanywa ndani ya hema ndogo iliyofungwa nuru isiingie. Hema isiyoingiza nuru haiingizi upepo pia. Speke aliandika katika kitabu chake kwamba joto ambalo mwenzake alilivumilia ndani ya hema hiyo lingemwua upesi. Basi kamera ilirudishwa pwani, na Grant akashika kalamu na rangi akaendelea kwa kuchora.

Mkasa huu mdogo una funzo ambalo wapenzi wa makali husahau. Kioo cha namna ile, kikitengenezwa vema, hutoa picha yenye makali ambayo hata leo hustaajabisha. Kilikuwa chombo bora kuliko vingi vilivyokifuata kwa miaka mingi. Lakini ubora wake ulidai hema, maji safi, dawa, wapagazi na afya ya chuma. Na kwa kudai hayo yote ukajinyima picha. Nchi ya Wakutu ya mwaka 1860 haikupotea katika macho ya kamera kwa sababu kamera ilikuwa na chenga. Ilipotea kwa sababu kamera haikuweza kubebwa na mtu akaishi. Picha isiyopigwa ina ila kubwa kuliko picha yoyote mbovu.

Pengo hilo lilijazwa na mchongaji. Mwaka 1871 Henry Morton Stanley alipita Simbamwenni, mji wenye boma uliotokana na Kisabengo na kutawaliwa na binti yake, mahali ambapo ni asili ya Morogoro ya leo. Aliusifu kwa kuta na minara yake. Na aliporudi mwaka 1872 akaukuta umepigwa na mafuriko yaliyobomoa sehemu ya kuta hizo. Vitabu vya wasafiri wa wakati ule vilipambwa kwa michoro iliyochongwa katika mbao Ulaya, na mafundi waliozichonga aghalabu hawakupata kuona nchi waliyoichonga. Hakuna picha yenye makali kuliko mchoro wa namna hiyo. Kila jani lina ukingo wake, kila mkuki una ncha, kila wingu lina mpaka. Wala hakuna chenga hata moja. Lakini makali yale hayakutoka katika milima; yalitoka katika patasi. Pale ambapo msafiri hakukumbuka umbo la paa, mchongaji alimkumbukia. Pale ambapo uso wa mtu ulikuwa alama mbili za kalamu katika daftari, mchongaji alimpa macho na pua alizozizoea yeye. Msomaji wa London akafurahi kuona dhahiri jambo ambalo hakuna aliyeliona. Neno hili liwekwe akiba, kwani litarudi mwishoni.

Reli iliyojengwa na Wadachi kutoka Dar es Salaam ilifika Morogoro mwaka 1907, na pamoja na reli wakaja wapiga picha wenye vioo vikavu, ambavyo havikuhitaji hema ya Grant. Mashuhuri miongoni mwa wapiga picha wa koloni hilo ni Walther Dobbertin, aliyefanya kazi yake Dar es Salaam kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, na ambaye picha zake nyingi zimo sasa katika Hifadhi ya Nyaraka ya Shirikisho la Ujerumani. Vioo vya wakati ule vilikuwa vikubwa, na kwa hiyo picha zake ni kali. Mtazamaji anaweza kuhesabu shanga katika shingo ya mwanamke, kusoma mikunjo ya kanzu, na kutofautisha ufito na ufito katika ukuta usiokandikwa. Kwa mwanahistoria wa mavazi, wa nyumba au wa vyombo, makali hayo ni mali. Bila hayo angeandika kwamba mwanamke alivaa shanga. Kwa hayo ataandika alivaa shanga za namna gani.

Hata hivyo picha za zama zile zina upofu mmoja ambao lenzi haikuweza kuuponya. Chini ya nyingi kumeandikwa kabila, au kazi, au neno "mwenyeji" tu; jina la mtu halimo. Uso uko wazi kama alama ya wino, na mwenye uso hajulikani. Mjukuu wake akipita leo mbele ya picha ile katika maonyesho, hatajua kuwa anamtazama bibi yake. Kinyume chake, katika sanduku la bati la nyumba nyingi za Morogoro hupatikana picha ndogo iliyopauka, iliyopigwa kwa kamera hafifu, ambayo nyuma yake mtu ameandika kwa kalamu ya risasi jina la aliyepigwa, mahali na mwaka. Ni ipi kati ya hizi mbili inayosema zaidi? Ya kwanza huonyesha sana na kutaja kidogo; ya pili huonyesha kidogo na kutaja sana. Historia huzihitaji zote mbili, lakini ikilazimishwa kuchagua, huona taabu kuitupa ya pili.

Filamu ilipochukua nafasi ya kioo, chenga zilipata asili mpya. Filamu ina punje za chumvi ya fedha. Nuru huzigusa na dawa huzigeuza nyeusi. Filamu inayotaka nuru nyingi ina punje ndogo. Ile ya haraka, inayoridhika na nuru haba, kwa kawaida ina punje kubwa zaidi. Kwa hiyo mpiga picha alikuwa na biashara ya kufanya: akitaka ulaini aende polepole, akitaka wepesi akubali punje. Ulimwengu uliikubali biashara hiyo mapema. Huko Uingereza katika karne ya 19, Julia Margaret Cameron alilaumiwa na wenye vyama vya picha kwa sura zake zisizo na makali; leo sura hizo zinahesabiwa miongoni mwa kazi kubwa za karne yake. Mwaka 1932 huko California kundi la wapiga picha lililojiita f/64 lilishika upande wa pili, likatetea makali kutoka jiwe la karibu mpaka kilima cha mbali. Nao pia wakaacha kazi kubwa. Tarehe 6 Juni 1944 Robert Capa alipiga picha za askari wakitoka majini katika pwani ya Normandy. Picha zile zimetikisika na zina punje, na dunia haijapata kuzikataa kwa ajili hiyo. Katika kisa cha Cameron na Capa ila ilibeba maana. Katika kisa cha f/64 makali yalibeba maana. Kwa hiyo wala ila wala makali hayana thamani ya peke yake.

Ziko kazi, hata hivyo, ambazo hazina subira na maneno ya namna hiyo, na moja ilifanyika juu ya nchi hii yenyewe. Baada ya Vita Kuu ya Pili, idara ya upimaji wa makoloni iliyoundwa Uingereza mwaka 1946 ilianza kutengeneza ramani za Tanganyika kwa kutumia picha zilizopigwa kutoka ndege, na ramani hizo zikatolewa kwa kipimo cha 1:50,000, ambacho sentimeta 1 ya karatasi ni meta 500 za ardhi. Picha mbili za mahali pamoja, zilizopigwa kutoka sehemu mbili za anga, huwekwa chini ya miwani maalumu. Jicho la kuume huona moja na la kushoto huona nyingine, na mlima huinuka kutoka mezani. Hapo makali si pambo. Ikiwa picha ya angani imepigwa kwa kipimo cha 1:40,000, njia ya miguu yenye upana wa meta 1 huwa na upana wa sehemu 25 za elfu za milimita juu ya filamu. Punje zikizidi, njia hupotea. Njia ikipotea, kijiji hukosa njia katika ramani. Mtu anayesema kwamba makali hayana maana hajapata kuchora mto kwa kutazama uzi wa kivuli.

Lakini hata hapa historia ya Uluguru ina onyo. Katika mwaka 1950 serikali ya kikoloni ilianza mpango wa matumizi ya ardhi ya Uluguru, ambao nguzo yake ilikuwa kuchimba matuta ya ngazi katika miteremko ili kuzuia mmomonyoko. Mmomonyoko ulikuwako, mtu yeyote mwenye macho aliuona. Lakini kazi ya matuta ilikuwa nzito, na mahali pengi ilifukua udongo usio na rutuba na kuufukia ule wenye rutuba. Zaidi ya hayo, Waluguru hufuata ukoo wa mama, na ardhi imefungamana na ukoo. Wengi walihofu kwamba amri juu ya shamba ni mwanzo wa kunyang'anywa shamba. Mwezi Julai 1955 ghasia zilizuka Matombo, mtu mmoja akauawa, na mpango ukaachwa. Kisa hicho kilichunguzwa na Roland Young na Henry Fosbrooke katika kitabu walichokitoa mwaka 1960 juu ya ardhi na siasa za Waluguru.

Haisemwi hapa kwamba picha ndizo zilizoleta mpango ule. Linalosemwa ni kwamba mteremko ulionekana dhahiri, na wenye mteremko hawakuonekana. Picha ya angani, hata iwe kali kiasi gani, huonyesha shamba bila mama wa ukoo, mpaka bila agano, na kichaka bila sababu ya kuachwa kichaka. Mtu akiiongeza makali mara mia, ataona mihogo zaidi; hataona haki ya anayeipanda. Kuona vizuri na kuelewa vizuri ni ndugu, lakini si pacha.

Sasa yafaa kuitazama kamera ya dijitali yenyewe, kwani lawama nyingi hutokana na kutojua chenga zake zinatoka wapi. Kipande cha elektroni kinachopokea nuru badala ya filamu kilibuniwa katika maabara za Bell huko Marekani mwaka 1969 na Willard Boyle na George Smith, waliopewa Tuzo ya Nobel mwaka 2009. Mwaka 1975 Steven Sasson wa Kodak aliunda kamera iliyotumia kipande cha namna hiyo: ilikuwa na uzito wa kilo 3.6, picha yake ilikuwa na nukta 10,000 tu, na ilichukua sekunde 23 kuiandika katika utepe wa kaseti. Leo simu ya mfukoni ina nukta milioni nyingi. Lakini nuru haikubadilika.

Nuru hufika kwa matone, kama mvua. Mtu na aweke vikombe elfu, vinavyolingana, katika uwanja wa Mgeta. Kukinyesha manyunyu ya kitambo kidogo, vikombe havitapata matone sawa: kimoja kitapata 90, kingine 110, kingine 100. Kukinyesha mvua kubwa ya masika, tofauti itakuwako bado, lakini haitaonekana. Hesabu yake ni hii: panapotarajiwa matone 100, kupungua na kuzidi ni kiasi cha 10, yaani sehemu 10 katika 100, panapotarajiwa 10,000, ni kiasi cha 100, yaani sehemu 1 katika 100. Vikombe hivyo ndivyo nukta za kamera, na tofauti hizo ndizo chenga. Umeme wa chombo huongeza chenga zake, nazo fundi anaweza kuzipunguza. Lakini sehemu kubwa ya chenga katika msitu wa Uluguru si kosa la kiwanda wala la mpiga picha. Ni tabia ya nuru yenyewe inapokuwa haba.

Na nuru ikiwa haba, ila zetu mbili huuzana. Mpiga picha anayeogopa chenga huacha mlango wa kamera wazi kwa muda mrefu zaidi ili matone yaongezeke. Lakini katika muda huo ndege huruka, jani hutikisika, na mkono hutetemeka. Amekwepa chenga akapata ukungu. Anayepandisha wepesi wa kamera hupata chenga, lakini hushika ndege akiwa amesimama. Chenga zaweza kupunguzwa baadaye kwa ufundi. Mtikisiko uliokwisha kuingia ni vigumu kuutoa. Kwa hiyo anayechagua chenga ili aokoe makali aghalabu amechagua vema. Na anayezikimbia zote mbili hurudi mjini bila picha.

Liko jambo jingine ambalo kioo kikubwa cha kompyuta hulificha, nalo ni umbali. Picha ya kawaida ya sentimeta 10 kwa 15, ikichapwa kwa nukta 12 katika kila milimita, huhitaji nukta zisizozidi sana milioni 2. Kamera yenye nukta milioni 24 ina mara 12 ya hizo. Picha yake inapochapwa kwa kipimo hicho, nukta 12 huungana kuwa moja, na chenga hupungua kwa kadiri ya mara tatu na nusu. Maana yake ni kwamba chenga zilizomnyima usingizi mwenye picha mbele ya kompyuta huenda zisionekane kabisa katika picha iliyowekwa juu ya kabati la sebuleni. Alikuwa akichunguza ukuta kwa kutia pua katika tofali.

Msituni ndimo ambamo mabishano haya hupata uzito wa kweli, kwa kuwa humo picha huitwa kutoa ushahidi juu ya viumbe ambao watu wachache wamewaona. Katika sehemu ya kaskazini ya Uluguru anaishi ndege aitwaye na wataalamu Malaconotus alius, ambaye hajulikani kuishi mahali pengine popote duniani. Alielezwa katika sayansi mwaka 1927, baada ya Arthur Loveridge kukusanya ndege wa milima hiyo mwaka 1926. Hukaa juu katika vilele vya miti, ambako nuru hutoka nyuma yake na majani yako mbele yake. Picha yake yenye chenga, ikionyesha kichwa cheusi na tumbo la manjano, ni ushahidi kwamba yuko mahali fulani siku fulani. Mwenye kuifuta kwa sababu ya chenga amefuta habari ya mnyonge aliyebaki katika msitu mmoja.

Milima ya Udzungwa, jirani ya Uluguru katika safu ile ile ya Tao la Mashariki, imetoa visa viwili vinavyofaa kupimwa pamoja. Mwaka 2005 kamera zilizotegwa katika msitu wa Ndundulu, ambazo hupiga mnyama apitapo, zilimnasa sange ambaye hakufanana na sange yeyote aliyejulikana. Watafiti hawakusema kuwa picha zimetosha. Walirudi mwezi Machi 2006, wakawakamata baadhi yao, wakawapima, na mwaka 2008 wakamtangaza kuwa ni jinsi mpya, Rhynchocyon udzungwensis, mkubwa kuliko sange wote, mwenye uzito wa kiasi cha gramu 700. Hapa picha ilifanya kazi ya mpiga mbiu. Kazi ya hakimu ikafanywa na wengine.

Kisa cha pili ni cha kipunji. Tumbili huyu alitambuliwa na watafiti katika milima ya Rungwe mwaka 2003 na katika Ndundulu mwaka 2004, na mwaka 2005 akaelezwa katika jarida la Science. Kwa kuwa ni wachache mno, watafiti hawakutaka kumwua hata mmoja. Wakaifanya picha ya mnyama hai kuwa kielelezo cha jinsi nzima, mahali ambapo desturi iliweka ngozi na fuvu. Wataalamu wengine walipinga vikali, wakisema picha haina jino la kupimwa wala damu ya kuchunguzwa. Baadaye kipunji mmoja alikufa katika mtego wa mkulima huko Rungwe, na kwa mwili wake wataalamu wakagundua mwaka 2006 kwamba kipunji hakuwa katika jamii aliyowekwa mwanzo. Akapewa jamii yake mwenyewe, Rungwecebus. Picha ilisema kweli kwamba huyu ni kiumbe mpya, lakini haikuweza kusema ndugu zake ni nani. Na makali yasingesaidia. Hata ingeonyesha kila unywele, isingeonyesha kilichokuwa ndani ya damu.

Katika visa vyote hivi swali "Je, picha ni kali?" limegeuka kuwa maswali mengine. La kwanza: picha inatakiwa kufanya kazi gani? Ya ramani itakuwa na sheria yake, na ya maziko sheria yake. Watu wengi wameona picha ndogo ya kitambulisho ikikuzwa usiku mmoja ili ibebwe mbele ya jeneza. Imekuwa na ukungu na chenga, na hakuna mfiwa aliyelalamika, maana waliokuja kumlilia marehemu hawakuja kuhesabu nukta. La pili: itatazamwa kwa ukubwa gani na kwa umbali gani? La tatu, ambalo ndilo zito: kitapotea nini ikiwa picha hii itakataliwa? Anayepanga kuhifadhi picha za kale kwa kompyuta, akaanza kwa kuzitenga zile zenye ukungu, atahifadhi kazi za wenye vioo vikubwa na kutupa kazi za wenye kamera hafifu. Atadhani amechagua kwa ubora, kumbe amechagua kwa mali. Na historia itakayoandikwa baadaye itajaa watawala waliopigwa vizuri na kuwa tupu ya wakulima waliopigwa vibaya.

Na hapa neno lililowekwa akiba lirudi. Siku hizi ziko programu zinazofuta chenga na kurudisha makali kwa kubuni. Zimefundishwa kwa picha nyingi mno. Na pale ambapo uso umefifia, huuliza nyuso nyingine kwa kawaida hufananaje, kisha huchora. Picha hutoka safi, kope kwa kope. Lakini kope hizo ni za nani? Mchongaji wa London wa mwaka 1872 amerudi, safari hii bila patasi wala mbao, na kosa lake ni lile lile: hujaza pengo kwa alichokizoea, kisha hulificha pengo. Chenga angalau zina unyofu. Zinamwambia mtazamaji, "Hapa nuru haikutosha, hapa usiape." Picha iliyosafishwa kwa kubuni humwalika aape mahali ambapo hakuna aliyeona.

Hukumu basi si ngumu. Makali yana maana kila mahali ambapo kipimo, alama au utambulisho hukaa katika kitu kidogo. Mwenye kazi hiyo na ayatafute kwa bidii, na asidanganywe na maneno ya kuwa ufundi si kitu. Chenga zina maana pale tu zinapomeza kile ambacho picha ilipigwa kwa ajili yake. Zaidi ya hapo, ila hizi mbili ni haya ya mpiga picha kuliko hasara ya mtazamaji. Mwenye picha ya kale na aihifadhi ya asili kama ilivyo, hata akitengeneza nakala safi kando yake. Na aandike nyuma yake, au pamoja nayo katika kompyuta, jina, mahali na mwaka. Kalamu ya risasi itaongeza katika picha ile jambo ambalo hakuna lenzi iliyowahi kuliongeza. Ukungu wa Lupanga hupanda kila masika na kuufunika mlima, na watu wa Morogoro hawasemi kwamba mlima haupo; kwani wanajua jina lake, na wanajua unapokaa.